Mufuko wetu una kilo ngapi? Historia ya mashindano ya mutu mwenye nguvu kuliko wote duniani



Siku ya Mungu iliyopita nilikuwa kwenye parsele yetu hapa Kasulo na mudogo wangu, tunaangalia video kwenye telefone. Muzungu mumoja mukubwa sana alikuwa anatembea na vyuma viwili, kimoja kila mukono. Watu wanapiga kelele, mwamuzi anamufuata na saa. Mudogo wangu ana miaka 22. Kazi yake ni kubeba mifuko ya heterojenite kutoka kwenye shimo mpaka pale kamyo inaweza kufika. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

«Yaya, ule banamulipa juu ya kubeba?»

Nikamuambia njo vile, banamulipa, na akishinda anajulikana dunia nzima.

«Basi siye tuko bashampioni tangu zamani.»

Halafu akanielezea kitu ambacho hakikunifurahisha. Yeye na wenzake wamepatana kufanya mashindano yao siku ya tano: mifuko miwili kwa mutu, mumoja juu ya mwingine, kutoka shimo mpaka barabara. Mwenye kushindwa analipia wote bukari.

Sikumukatalia papo hapo, juu ukimukatalia kijana wa miaka 22, anafanya mara mbili. Nilimuomba siku mbili nisome historia ya yale mashindano, kisha tuongee. Mimi nilisoma agronomia, si michezo, lakini kusoma ni kusoma. Haya ndiyo niliyomuelezea, na ninayaandika hapa juu najua wengi wetu tuko na diplome mukono mumoja na mufuko mukono mwingine.

Ilianza kwa televizio

Mashindano yenyewe yanaitwa World's Strongest Man, ni kusema Mutu Mwenye Nguvu Kuliko Wote Duniani. Yalianza mwaka 1977 kule California, Marekani, ndani ya Universal Studios, mahali wanatengeneza filme. Hayakuanzishwa na shirikisho la michezo. Yalitungwa juu ya televizio, watu wakae nyumbani wajiulize: kati ya mwenye kunyanyua vyuma, mucheza futbol ya Kimarekani na mujenga misuli, nani ana nguvu ya kweli?

Waliwapa kazi za kushangaza: kukunja vyuma, kusukuma brueti yenye muzigo, kunyanyua gari, kukimbia na frigo mugongoni. Kwenye frigo ndiyo Franco Columbu alianguka na muguu wake ukateguka vibaya mbele ya kamera. Na huyo hakuwa mutu wa kawaida: mwaka 1976 alikuwa amepata taji la Mr. Olympia, taji kubwa kabisa la kujenga misuli. Mushindi wa kwanza alikuwa Mumarekani Bruce Wilhelm, na akarudia mwaka 1978.

Kisha Bill Kazmaier akashinda mara tatu kwa kufuatana, 1980 mpaka 1982. Mwaka 1983 Ulaya ikaingia: Geoff Capes, polisi wa Uingereza aliyekuwa anatupa tufe, akachukua taji. Nyuma yake akatoka Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, akashinda mara nne, 1984, 1986, 1988 na 1990. Mwenzake wa kule kule, Magnús Ver Magnússon, naye akashinda mara nne. Hafþór Björnsson akaongeza moja mwaka 2018. Hesabu: mataji tisa, kwa nchi yenye watu wasiofika 400,000. Lakini mwenye mataji mengi kuliko wote ni Mupolanda, Mariusz Pudzianowski, mara tano kati ya 2002 na 2008.

Kazi ya shamba na ya bahari

Hapa ndipo moyo wangu wa agronome uliamka. Kwa nini nchi ndogo ya baridi itoe bashampioni wengi hivi?

Kule Iceland mawe ya kubeba yako tangu zamani. Kuna jiwe moja la Húsafell, kilo 186. Historia yake ni ya karne ya 18: pastere wa kijiji alikuwa na zizi la mawe la kufungia mifugo, na jiwe hilo likawa kipimo cha nguvu, ulibebe kifuani uzunguke nalo zizi. Leo mashindano yanatumia mfano wake wa chuma.

Kuna mengine manne, kwenye pwani ya Djúpalónssandur. Kila moja ina jina lake: kilo 154 ni «nguvu kamili», kilo 100 ni «nusu nguvu», kilo 54 ni «mwenye nusu fungu», na kilo 23 ni «dhaifu». Haukuwa muchezo ule. Mwenye kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya samaki alipimwa na mawe hayo. Asiyeweza lile la kilo 54, bahari haikumufaa.

Vile vyuma viwili mudogo wangu aliviona vinaitwa «mwendo wa mukulima». Ni mukulima anayetoka kisimani na ndoo mbili, basi. Mbio za kupakia mizigo ni kazi ya bandarini. Brueti ni kazi ya shantie. Na mwaka 1986 wakaleta yale mawe matano ya duara, mushindani anayanyanyua moja kwa moja juu ya meza. Siku hizi uzito umepanda tena.

Kwa hiyo mudogo wangu hakukosea. Muchezo huu ni kazi ya watu kama yeye, iliyotolewa shambani na bandarini ikapelekwa kwenye televizio.

Na Afrika?

«Na Mukongomani eko mule?»

Kwenye orodha ya washindi, hapana. Lakini mashindano yamekuja karibu yetu kuliko munavyofikiri. Yalifanyika kwenye kisiwa cha Mauritius mwaka 1996, Tangier kule Maroko mwaka 1998, Sun City kule Afrika ya Kusini mwaka 2000 na 2010. Mwaka 2001 na 2003 yalikuwa Zambia, penye maporomoko ya Victoria. Mwaka 2016 yalikuwa Kasane, Botswana, na 2017 Gaborone.

Angalieni karte. Kamyo inayotoka Kolwezi na shaba inapita Kasumbalesa, inateremka Zambia, na zile zinazoenda kusini kwa Kazungula zinatokea Botswana, jirani kabisa na Kasane. Mutu mwenye nguvu kuliko wote alipatikana kwenye njia ya mawe yetu, na siye tulikuwa tunapakia tu.

Waafrika nao wameanza kuchukua. Mwaka 2021, kule Glasgow, Iron Biby wa Burkina Faso alinyanyua gogo la kilo 229 juu ya kichwa, rekodi ya dunia. Na mwaka 2025, kule Sacramento, Marekani, Rayno Nel wa Afrika ya Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kushinda taji lenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindana pale. Alimupita Tom Stoltman wa Scotland, aliyekuwa ameshinda mara tatu, kwa nusu pointi. Nusu!

Mudogo wangu alisimama aliposikia hiyo. Nikamuambia akae, juu kile nilitaka kumuonyesha kilikuwa bado.

Nusu pointi inatoka wapi?

Nusu pointi haiwezi kuonekana kama hakuna vipimo. Kwenye finali kuna washindani kumi. Kwa kila kazi, wa kwanza anapata pointi kumi, wa mwisho moja, na wakilingana wanagawana. Muzigo unajulikana uzito. Njia inajulikana urefu. Saa inahesabu mpaka sehemu ndogo ya sekonde. Mushindani amevaa mukanda mugumu kiunoni, munganga yuko pembeni, na kazi ikiisha anapumzika mpaka ingine.

Na chakula. Brian Shaw, Mumarekani aliyeshinda mara nne, ameonyesha wazi namna anakula zaidi ya kalori 10,000 kwa siku. Nilifanya hesabu yetu ya shule: gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori karibu 360. Ni kusema kilo 2 na gramu 780 za unga, mutu mumoja, siku moja. Mudogo wangu anaingia kazini na chai na mukate.

Hata na hayo yote, mwili unavunjika. Eddie Hall alipovuta kilo 500 kutoka chini mwaka 2016 kule Leeds, damu ilimutoka puani. Na Jón Páll, yule wa mara nne, alikufa mwezi wa kwanza 1993 ndani ya sale yake ya mazoezi, anavuta chuma. Moyo. Alikuwa na miaka 32.

Nilinyamaza kidogo pale. Yeye pia.

Peson yangu

Siku ya ine nilichukua peson, ile mizani ya kutundika tunayopimia mavuno, nikaenda naye kwenye shimo. Wenzake walinicheka: «Engenere anakuya kupima mahindi!» Tukatundika mufuko mumoja kwenye muti, ule wanaoubeba kila siku.

Kilo 87.

Mufuko ni mudogo kwa macho, juu heterojenite ni nzito. Mufuko wa sima unasema kilo 50 juu yake. Huu hausemi kitu. Mifuko miwili ya ile siku ya tano ingekuwa kilo 174, imebakia 12 tu kufika jiwe la Húsafell. Bashampioni wanaobeba jiwe lile wengi wao wana uzito wa kilo 150 na kupita. Mudogo wangu nilimupima na peson hiyo hiyo, amejitundika kwa mikono: 61.

Hakuna aliyecheka tena.

Nikawaambia kitu kingine. Shirika la Kazi Duniani liliandika mwaka 1967 kwamba mwanaume mukubwa asibebeshwe na mukono zaidi ya kilo 55, na mahali wanapita hapo, uzito uteremushwe haraka. Kilo 55, karibu sawa na lile jiwe la «nusu fungu» la wavuvi. Juu ya nini? Juu uti wa mugongo uko na vijito laini kati ya mifupa. Ukiinama na muzigo mbali na kifua, kiuno kinavuta mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe, na kile kijito siku moja kinatoka mahali pake. Ninajua. Nilipomaliza lisansi nilibeba miezi miwili, sikuwaambia wazazi. Mpaka leo nikiinama juu ya kitalu cha miche, kiuno kinanikumbusha.

Kisha mumoja wao, mukubwa kidogo, akasema neno ambalo hakuna kitabu kilinifundisha:

«Engenere, kwenye depo banapima mawe mara mbili. Kilo kwa mizani, teneri kwa Metorex. Siye banatulipa kwa mufuko. Mufuko wa 50 na wa 87, franka ni ile ile.»

Banduku, hapo ndipo nilielewa ile historia yote. Mushindani kwenye televizio na kijana wa Kasulo wanabeba sawasawa. Lakini kilo za mushindani zinahesabiwa kwa faida yake, mpaka nusu pointi inampa taji. Kilo za mudogo wangu zinahesabiwa mara ya kwanza zikiwa zimekwisha kutoka mugongoni mwake, kwa faida ya mwingine.

Walienda kuongea na mukubwa wa shimo. Hakukubali kulipa kwa kilo. Alisema: «Kama munataka kilo, muleteni mizani yenu kila siku.» Kwa wao hilo halikuwa hapana. Wanachanga sasa wanunue peson yao, na mpaka hapo niliwaachia yangu. Wameanza pia kutia alama ya rangi kwenye mufuko, mahali kilo 50 inafikia, na hawajazi kupita. Kuna siku wanapoteza franka. Wanajua.

Na siku ya tano? Mashindano yalifanyika. Mufuko mumoja kwa mutu, kilo 50 kwa peson, metre 40 tulizopima na kamba yangu ya shamba, saa ya telefone, kila mutu mara moja. Mudogo wangu alikuwa wa tatu, kwa sekonde moja na nusu. Alilalamika kwamba kamba yangu ilikuwa imelegea. Tulipima tena. Haikuwa imelegea.

Ninyi wenye kubeba, ao wenye ndugu wanaobeba, mahindi, sima, makala ao mawe: kabla ya kesho, tafuteni mizani. Pimeni mufuko mumoja tu. Mukijua kilo, mutakuwa na neno la kusema mbele ya mwenye kulipa.