Volkswagen ya Babu: Tutoe Pointi au Tuzitunze?

Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 ikianza kumisi mlimani, ushauri huja haraka: "Toa pointi, weka mfumo wa elektroniki." Je, dawa ni hiyo kweli?

Tuanze na kazi yenyewe. Ndani ya distribyuta kuna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, umeme unaoingia kwenye koili hukatika ghafla, na koili huzalisha maelfu ya volti zinazorusha cheche kwenye plagi. Nafasi kati ya pointi za Beetle ni milimita 0.4. Kisigino chake kikilika, nafasi hupungua, cheche huchelewa, gari linakosa nguvu na mafuta yanaenda bure.

Kifaa cha elektroniki hutumia sumaku na kihisi. Hakuna kinachogusana, basi hakuna cha kulika. Raha! Ila kikiungua gari huzima palepale, na barabarani hakitengenezeki. Pointi huonya mapema. Ukizipitishia msasa kidogo, mara nyingi mtafika nyumbani.

Tena, kifaa kipya hakiponyi plagi chafu, waya uliochakaa wala shafti ya distribyuta inayocheza. Kwa hiyo rekebisha hivyo kwanza, kisha upime nafasi ya pointi. Gari likitulia, na unaliendesha mara mojamoja tu, acha lilivyo. Kama unalitegemea kila siku, badilisha, ukihakikisha koili inaendana na kifaa. Zile pointi na kondensa yake usitupe: weka garini, pamoja na bisibisi.