Ongeza nafasi, usipoteze daftari

Mfanyabiashara aliyeweka orodha ya wadaiwa wake kwenye kifaa cha mkononi hujikuta siku moja kimejaa. Je, anunue kipya au aongeze nafasi?

Swali hili si geni. Mwaka 1996, kompyuta ya mkononi ya Pilot 1000 iliuzwa Marekani ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Lakini mgongoni ilikuwa na kifuniko kidogo: mwenye nayo alikifungua, akachomoa kadi ya kumbukumbu na kuweka kubwa zaidi. Mwaka 1997 ilipatikana kadi ya megabaiti 1, mara nane ya ile ya awali.

Hatari ilikuwa moja. Kumbukumbu hiyo iliishi kwa umeme wa betri. Kadi ikichomolewa, yaliyoandikwa yalifutika. Aliyesahau kuyanakili kwanza kwenye kompyuta ya mezani alibaki na nafasi kubwa na daftari tupu.

Katika simu nyingi za leo, kumbukumbu ya ndani imechomelewa kwenye bodi, na kuibadili ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu. Hivyo, kabla ya kununua, uliza kama simu ina sehemu ya kuweka kadi. Na kabla fundi hajaifungua, nakili hesabu zako. Simu hununuliwa nyingine. Orodha ya wadaiwa haiuzwi dukani.