Kabla ya kukodi meza Mji Mkongwe, kagua nyumba

Mhariri wa filamu, mwandishi wa programu, mchora matangazo na mfasiri wa nyaraka wanaweza siku hizi kukodi meza kwa siku au kwa mwezi ndani ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, wakagawana umeme, intaneti na birika la chai. Mtindo huu wa ofisi za pamoja ulipata sura yake ya sasa San Francisco mwaka 2005, na Afrika Mashariki wengi waliujua kupitia iHub ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2010. Kwa Unguja, anayeishi kwa sanaa au ubunifu ana sababu nzuri ya kutaka kukaa Mji Mkongwe. Nadi Ikhwani Safaa wanapiga taarabu tangu 1905. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza hapa mwaka 1998, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwaka 2002, na tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004. Ukishuka ngazi kununua kahawa unaweza kumkuta mpiga kanuni, mchongaji milango na mpiga picha wamekaa baraza moja, na kazi nyingi za mji huu hupatikana kwenye mazungumzo kama hayo.

Nikiwa mtu wa majengo, naona wengi wanachagua ofisi kwa kutazama mito ya rangi, taa za kuning'inia na picha ya bahari iliyopigwa juu ya paa. Vitu hivyo hubadilishwa kwa wiki moja. Nyumba yenyewe haibadiliki. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vifaa hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama siku yako ya kazi itakwenda vizuri.

Anza na ukuta. Katika nyumba hizi ukuta wa nusu mita, au zaidi ya hapo, ni jambo la kawaida. Unazuia joto la mchana na kelele za uchochoroni, na kwa hilo ni rafiki mkubwa wa mtu anayefanya kazi. Lakini unazuia pia mawimbi ya waifai. Mawimbi ya gigahezi 5, yanayobeba data nyingi, huchoka upesi yakikutana na ukuta mnene. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi lakini hubeba kidogo. Ruta moja iliyowekwa mapokezi haiwezi kuhudumia ghorofa tatu. Ofisi iliyopangwa na mtu anayejua kazi yake ina waya uliovutwa hadi kila chumba, na kila chumba kina kifaa chake cha kurusha mawimbi. Kwa hiyo usikubali kupima kasi ukiwa mapokezi. Kaa kwenye kiti utakachokodi, funga mlango, pima saa tano asubuhi watu wakiwa wamejaa, na uangalie kasi ya kupakia pamoja na ya kupakua. Simu ya video yenye picha safi huhitaji takriban megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande. Watu 8 wakipiga kwa pamoja wanakaribia megabiti 30 za kupakia, na hapo ndipo ofisi nyingi hukwama.

Boriti nazo zina mipaka yake. Mti wa mkoko haubebi dari pana, kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida mita 2.5 hadi 3. Weka meza za sentimita 70 pande zote mbili za chumba cha mita 3, na katikati inabaki mita 1.6. Watu wawili wakikaa wakipeana migongo, viti vyao vinaimaliza nafasi hiyo, na kila anayetaka kupita lazima aombe njia. Chumba kama hicho kinafaa meza za upande mmoja tu. Mwenye ofisi aliyekubali kupoteza nusu ya meza ili watu wapite amenionyesha kuwa anaijua nyumba yake. Aliyejaza pande zote mbili ananipa shaka hata kabla sijauliza bei.

Sasa nusa. Ndiyo, nusa kabisa, na upitishe kiganja ukutani karibu na sakafu. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu na kuutoa, na plasta ya chokaa huuruhusu kufanya hivyo. Fundi akiupaka saruji, unyevu unafungiwa ndani pamoja na chumvi, plasta inavimba na kubanduka, na jiwe la nyuma yake huanza kumomonyoka polepole. Ukuta uliopakwa rangi mpya ya mafuta unaweza kuuficha ugonjwa huu kwa miezi kadhaa. Anayeumia kwanza ni wewe, kwa ukungu unaokaa kwenye vitabu, nyaya na mapafu. Baadaye mji nao unaumia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na ukarabati wa nyumba zake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Muulize mwenye ofisi ni fundi gani aliyegusa kuta zake, na alitumia nini. Swali hili si la kumchokoza. Kodi yako ndiyo italipia ukarabati ujao, na una haki ya kujua kama unalipia uhai wa nyumba au kifo chake.

Kuhusu umeme, Unguja ina kumbukumbu ambayo kila mtu mzima anayo. Umeme wa kisiwa hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliowashwa mwaka 2013 ulileta nafuu kubwa, lakini kukatika kwa saa mbili tatu ni jambo ambalo ofisi lazima ijiandae nalo. Ukiambiwa kuna umeme wa akiba, uliza unadumu saa ngapi na unawasha nini. Hesabu yake si ngumu. Kompyuta mpakato moja hula takriban wati 60. Watu 20 ni wati 1,200, na kwa saa nne ni karibu uniti 5. Kiyoyozi kimoja cha chumba cha wastani hula takriban wati 1,000, yaani uniti 4 kwa saa hizo hizo nne, karibu sawa na kompyuta zote 20. Ndiyo maana ofisi inayotegemea viyoyozi pekee huwa haikaliki umeme ukikatika, hata kama betri zinawasha kompyuta. Dari ndefu, ua wa ndani unaovuta upepo na madirisha yanayokabiliana vinafanya kazi bila uniti hata moja. Wazee waliojenga nyumba hizi walilijua joto la kaskazi, na mtu anayeziba ua ili apate meza sita zaidi anakuuzia joto. Jenereta, kwa upande wake, haina pa kuwekwa katika uchochoro wa mita mbili bila kuwafukiza majirani.

Intaneti nayo inapita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikahisi. Ofisi ikikwambia ina kampuni mbili za intaneti, uliza kama njia zao zinatofautiana kweli, kwa kuwa kampuni mbili zinazotegemea waya mmoja huzimika pamoja.

Mtaa uchague kwa kazi unayofanya. Shangani na Forodhani ni ghali, zina wageni wengi, na wiki ya tamasha muziki wa Ngome Kongwe unakufuata hadi usiku. Raha kwa mpiga picha, taabu kwa anayerekodi sauti. Malindi ina bandari na malori. Ndani, kuelekea Kiponda na Hurumzi, kuna utulivu, lakini gari haliingii, na sanduku la kamera utalibeba mwenyewe au umlipe hamali. Vuga ina barabara pana na gari linafika mlangoni. Uliza pia saa za Ramadhani, na kama jiko linafungwa mchana.

Panda ngazi zote hadi juu, kisha ujiulize utashukaje moto ukiwaka. Nyumba nyingi zina ngazi moja ya mbao, mwinamo mkali, na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani. Ofisi ya watu 30 ghorofa ya tatu isiyo na njia ya pili ya kutoka mimi siikodi, iwe na mandhari gani. Kama mwenzako anatumia kiti cha magurudumu, ghorofa ya chini pekee ndiyo itakayomfaa, na mara nyingi imeshachukuliwa na duka.

Mkataba uandikwe, useme unaweza kutumia anwani hiyo kusajili biashara yako kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na utaje notisi ya kuondoka. Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Lipa mwezi mmoja mmoja hadi nyumba uwe umeiona katika masika, Machi hadi Mei, dari inapovuja na kuta zinapotoa unyevu wao, na tena mwishoni mwa Desemba kaskazi ikishika.