Gramu mbili zilipotelea wapi? Namna ya kuchungulia ndani ya programu bila kulipa hata franga

Ile jioni, kwenye barabara ya Manguredjipa, watu walikaribia kupigana juu ya gramu mbili na kitu ya zahabu. Karani wa kikundi alikuwa na daftari yake: siku ya kwanza 2,8, ya pili 1,9, ya tatu 3,4. Jumla 8,1. Telefone ilisema 6. Mutu wa kwanza kuangaliwa kwa jicho mbaya alikuwa karani. Mukubwa wa kikundi akamwambia: «Daftari unaiandika weye mwenyewe. Masini haina ndugu.»

Ile programu iliandikwa na mutoto wa dada yangu, anasoma hapa Butembo. Wachimbaji walimuomba kitu rahisi: kila siku unaingiza uzito, mwisho wa juma telefone inagawa sehemu ya kila mutu. Alikuwa ameijaribu mara nyingi nyumbani: 2, 3, 5. Kila mara jibu lilikuwa sawa. Sasa ananipigia simu: «Yomba, wanasema karani ni mwizi, na mimi naona programu yangu haina kosa.»

Nilimuuliza kitu kimoja tu: umeiona ikifanya kazi ndani, ao umeona jibu peke yake?

Nyinyi munaoshuka ndani ya shimo munajua maana ya hiyo swali. Mutu wa juu anaona kamba tu. Mupaka wa chini apaze sauti, hautajua kama amefika kwenye jiwe ao kwenye maji. Programu ni vile vile. Inahesabu kimya, inatoa jibu, na kama imekosea katikati haitasema kitu, isipokuwa mwenye kuiandika ameiambia iseme.

Na kuiambia iseme ni bure. Kwa programu ya JavaScript, kama hii yetu, unaandika mustari mumoja, console.log, na jina la kitu unachotaka kuona. Kwa Python ni print. Halafu, kwenye ordinateri, unafungua programu ndani ya Chrome ao Firefox, unabonyeza F12, unachagua «Console». Hakuna cha kununua, na megas hazitumiki kama faili iko tayari kwenye masini. Brian Kernighan, mumoja wa wazee wa kazi hii kule Marekani, aliandika tangu 1979 kwamba dawa kubwa ya makosa ni kufikiri vizuri na kuweka mistari ya namna hiyo mahali panapofaa. Tangu wakati ule vyombo vya bei vimekuwa vingi, lakini wale wanaojua kazi wangali wanafanya hivyo.

Mutoto akaweka mistari miwili. Mumoja uonyeshe kile kilichoandikwa na mukono wa mutu, mwingine uonyeshe kile ambacho programu imesoma. Akaingiza hesabu za karani. Hii ndiyo ilitokea:

kilichoandikwa: 2,8 – kilichosomwa: 2
kilichoandikwa: 1,9 – kilichosomwa: 1
kilichoandikwa: 3,4 – kilichosomwa: 3

Mbili na moja na tatu: sita. Karani hakuiba hata punje.

Mwizi ni ile virgule. Sisi tumesoma shule ya Kifaransa, tunaandika 2,8. JavaScript inataka nukta, 2.8. Ukiipa virgule, amri yake ya parseFloat inasoma mupaka pale, inatupa kilichobaki, na hailalamike. Hata siku ya gramu 0,7 ingeandikwa sifuri, jasho yote bure! Dawa yake ni mustari mumoja unaogeuza virgule kuwa nukta mbele ya kuhesabu. Lakini bila kuchungulia, angeitafuta juma nzima ndani ya hesabu ya kugawa, mahali ambapo hapakuwa na shida.

Siku nyingine kosa linaonekana kwenye telefone tu, kwenye ordinateri hapana. Hapo rafiki yake wa Beni alimufundisha njia ya kablo. Kwenye Android unaingia ndani ya «Paramètres», unatafuta «Numéro de build», unaigonga mara saba, kisha unafungua «Débogage USB». Kwenye ordinateri unaweka vyombo vya bure vya Google vinavyoitwa platform-tools. Vinapakuliwa mara moja tu. Unaunga kablo, unaandika adb logcat, na telefone inaanza kusema yote inayofanya. Inasema mingi mno, kwa kweli. Mistari inakimbia kama mvua. Ndiyo maana ni vizuri kuweka neno lako mwanzoni mwa kila mustari, tuseme UZITO, halafu unatafuta hilo neno peke yake.

Na kule kwenye kariyeri, kusiko na ordinateri wala rezo? Programu iandike mistari yake ndani ya faili kwenye telefone. Siku mutu anashuka Butembo, anaituma kwa WhatsApp.

Lakini hapa nasimama kidogo. Fikiria kile kilichomo ndani ya ile faili: majina, namba za simu, nani amepata gramu ngapi, siku gani. Kwa barabara zetu, hiyo karatasi inaweza kumuletea mutu wageni usiku. Nilimukemea mutoto juu ya hiyo. Sasa mistari yake inaonyesha uzito peke yake, kwa namba ya mutu badala ya jina, na mbele ya kuwapa watu programu anaizima yote. Muzazi ao mukubwa wa kikundi anaweza kuuliza bila kujua ordinateri: «Hii telefone inaandika nini kwa siri, na iko wapi?» Kijana anayejua kazi yake atakuonyesha palepale.

Juma lililofuata mutoto alipanda yeye mwenyewe na telefone mukononi, akawaonyesha wakubwa ile mistari mitatu. Mukubwa wa kikundi aliitazama muda murefu, akamurudishia karani mizani. Daftari nayo ingali pale pembeni. Karani amekataa kuiacha.