Mwalimu wa muziki achague nota kama achaguavyo kitabu

Mwaka uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili jijini Nairobi kuwasikiliza wanafunzi wa muziki wakiwaonyesha wazazi wao yale waliyojifunza. Mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, alikuwa miongoni mwao. Yeye hupiga chelo, ala ya nyuzi nne ya ukoo wa fidla, ambayo mpigaji huiweka baina ya magoti na kuipiga kwa upinde. Mvulana wa kidato cha tatu alikuwa ashirikiane naye kwa piano. Utungo waliopewa ulikuwa Ave Maria ya Mfaransa Charles Gounod.

Walianza vyema kabisa. Piano ilitangulia peke yake, kisha chelo ikaingia kwa sauti nzito na tulivu, nami nikamwona dada yangu akifuta miwani. Walipokwisha kupita katikati, mambo yaliharibika ghafla. Piano ilikuwa mbele, chelo nyuma. Mpwa wangu alisita, akaruka nota kadhaa ili amfikie mwenzake. Mvulana naye, kwa wema wake, akarudi nyuma kumngojea. Wakapishana tena. Msichana akaushusha upinde. Watu wakampigia makofi ya huruma, ambayo aghalabu huwa machungu kuliko kuzomewa. Nje ya ukumbi mwalimu wao aliwakemea wote wawili kwamba hawakufanya mazoezi. Jioni ile mpwa wangu aliniambia kwamba hataki kuiona chelo tena.

Mimi si mwanamuziki. Kazi yangu ni isimu, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kulinganisha miswada ya kale. Kwa mazoea hayo niliomba kuziona karatasi walizotumia. Nilizitandaza mezani na kuhesabu vipimo, yaani zile nafasi zinazotengwa kwa mistari ya wima katika maandishi ya muziki. Kosa halikuwa la watoto. Karatasi zenyewe hazikuwa za utungo mmoja.

Gounod alipoutunga muziki huo mwaka 1853 hakuanza na ukurasa mtupu. Aliuchukua utangulizi mashuhuri wa Johann Sebastian Bach katika C kubwa, ule unaofungua mkusanyiko wa mwaka 1722, akatunga sauti yake ya kuimba juu yake. Maneno ya Ave Maria yaliongezwa baadaye, mwaka 1859. Sasa, mvulana yule tayari alikuwa na utangulizi wa Bach katika kitabu chake cha piano. Aliambiwa kwamba ni kitu kilekile, avirudie tu vipimo vinne vya mwanzo kabla chelo haijaingia. Utangulizi wa Bach una vipimo 35. Nakala aliyoifuata Gounod ilikuwa na kimoja zaidi, kilichopenyezwa baina ya kipimo cha 22 na cha 23. Inadhaniwa kwamba aliyekiongeza ni Christian Schwencke, mwanamuziki wa Hamburg aliyezaliwa mwaka 1767, miaka 17 baada ya Bach kufariki. Mahali hapo sauti ya chini ya Bach huruka kwa ukali kutoka F iliyopandishwa hadi A iliyoshushwa. Aliyeongeza aliitia G katikati, kama mtu awekaye jiwe la kukanyagia katika kijito, na matoleo mengi ya karne ya 19 yakamfuata. Ndipo hapo hasa wanafunzi wetu walipoachana. Walikuwa wamekutana mara moja tu, asubuhi ya siku ile, wakapiga mwanzo na kuridhika.

Wanafunzi wa ushairi wataitambua tabia hii mara moja. Mnukuzi wa utenzi hukutana na mshororo unaoonekana kumkwaruza sikio, akadhani kwamba mtunzi aliteleza, akaongeza neno ili mambo yanyooke. Anayemfuata hunukuu nyongeza hiyo kwa uaminifu mkubwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikia kwa kupitia mikono ya watu kadhaa: Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Hakuna mhadhiri wa fasihi anayestahili jina hilo ambaye angewafundisha wanafunzi wake mashairi hayo bila kuwaambia wanasoma toleo gani. Mbona basi mwalimu wa muziki humpa mtoto karatasi ya nota kwa kutazama jina la utungo peke yake?

Muziki wa chelo na piano umejaa mifano ya namna hii. Sonata ya Beethoven katika A kubwa, inayojulikana kama opasi 69, ilichapishwa Leipzig mwaka 1809 ikiwa na makosa mengi, hata mtunzi mwenyewe akawapelekea wachapishaji orodha ya masahihisho. Haukupita muda akaandika tena kukiri kwamba katika kuyasahihisha makosa hayo alikuwa amefanya mengine mapya. Nayo koncheto ya Boccherini katika B iliyoshushwa, ambayo wanafunzi wengi wa chelo wamejifunza kwa kusindikizwa na piano, ilichapishwa mwaka 1895 na mpigaji chelo wa Ujerumani, Friedrich Grützmacher, baada ya kuchanganya ndani yake vipande kutoka katika koncheto nyingine za Boccherini. Mtunzi alikuwa amekwisha kufa miaka 90 kabla ya hapo.

Mfano ulio wazi zaidi ni sonata ya Schubert ya mwaka 1824 iitwayo Arpeggione. Haikuandikiwa chelo. Iliandikiwa ala iliyoitwa arpeggione, yenye nyuzi sita zilizolinganishwa kama za gitaa, lakini ikapigwa kwa upinde. Sonata ilipochapishwa mwaka 1871 ala hiyo ilikuwa imekwisha sahaulika, na leo wapigaji chelo ndio wanaoihifadhi. Kwa kuwa nyuzi sita haziingii katika nyuzi nne bila kubanwa, kila mhariri hana budi kuamua ni vifungu vipi avishushe au avipandishe kwa okteva nzima. Wanafunzi wawili wenye matoleo mawili ya sonata hiyo wanapiga maamuzi mawili tofauti, ilhali kila mmoja anaamini kwamba anampiga Schubert.

Msomaji asinielewe vibaya. Sidai kwamba lililo la kale zaidi ndilo sahihi siku zote. Katika kisa cha mpwa wangu, aliyekuwa na ukurasa ulio karibu zaidi na mkono wa Bach ndiye aliyekosea, kwa maana sauti ya Gounod imeegemea juu ya kipimo kile kilichoongezwa na haiwezi kusimama bila hicho. Swali la mwalimu liwe hili: ni uamuzi wa nani uliomo katika ukurasa huu, na je, wapigaji wote wawili wamepewa uamuzi mmoja?

Nimesema wapigaji wote wawili, na hapa ndipo penye kosa la pili ambalo ni la kawaida mno. Mwalimu huchagua utungo kwa kupima uwezo wa mpigaji chelo, kisha humtafuta yeyote aliye karibu na piano. Watunzi wenyewe hawakuwaza hivyo. Sonata mbili za kwanza za Beethoven, opasi 5 za mwaka 1796, zilichapishwa kwa anwani iliyotaja kinanda kwanza na chelo baadaye. Brahms naye aliiita sonata yake ya E ndogo, aliyoikamilisha mwaka 1865, sonata ya piano na chelo. Inasimuliwa kwamba alipoipiga na rafiki yake, yule wa chelo alilalamika kuwa hajisikii kwa kishindo cha piano, na Brahms akamjibu kwamba ana bahati. Iwe kweli au mzaha, kisa hicho kina funzo kwa mwalimu.

Chukua Le Cygne ya Saint-Saëns, ya mwaka 1886, ambayo hupendwa sana katika maonyesho ya shule. Nota za chelo ni chache na za polepole, hivyo mwalimu huona ni rahisi. Lakini muziki wake wa kusindikiza uliandikiwa piano mbili, na katika nakala ya wapigaji wawili mtu mmoja hubeba mtiririko wa nota ndogondogo ambazo hazina ruhusa ya kusita wala kupaza sauti. Mpigaji aliyezoea kusindikiza nyimbo za kanisani kwa nota zilizoshikamana atatota jasho. Mwenye chelo naye, kwa upole ule ule, anatakiwa auvute upinde mrefu bila kutetemeka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mwalimu aziweke karatasi zote mbili mezani na aulize ni nani atakayeumia, na wapi.

Jambo la tatu ni ukurasa wenyewe kama chombo cha kazi. Mpigaji piano husoma karatasi yenye sehemu yake na, juu yake, sehemu ya chelo. Mwenye chelo husoma yake peke yake. Je, vipimo vimetiwa namba zinazolingana katika nakala zote mbili? Kama hazilingani, kila mwalimu anaposema "tuanzie hapa" dakika tano hupotea. Je, mwisho wa ukurasa wa chelo una pumziko? Mikono yote miwili ya mpigaji huyo ina kazi, wala hana wa tatu wa kufunua karatasi. Je, chelo imeandikwa kwa funguo gani? Ala hiyo hutumia ufunguo wa F, wa C na wa G, na katika matoleo mengi ya karne ya 19 nota za ufunguo wa G zilikusudiwa zisikike okteva moja chini ya zilivyoandikwa. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo huparamia ncha ya juu ya uzi bure, akijilaumu kwamba vidole vyake ni vizito. Halafu kuna namba za vidole na alama za upinde, ambazo mara nyingi ni za mhariri. Wachapishaji wengine, kama Henle wa Munich walioanza mwaka 1948, katika matoleo yao mengi hutoa karatasi mbili za chelo: moja yenye alama hizo na nyingine isiyo nazo, ili mwalimu aandike zinazomfaa mtoto wake.

Wapo watakaonicheka. Shule zetu nyingi hazina hata chelo moja, watasema, na wewe unatuletea habari za matoleo! Naitambua hali hiyo. Lakini mwenye chelo moja na mwaka mmoja wa kumfundisha mtoto ndiye asiyeweza kumudu karatasi mbaya. Isitoshe, mengi ya haya hayana gharama. Tangu mwaka 2006 ipo maktaba ya intaneti iitwayo IMSLP ambamo nota za watunzi wa kale hupatikana bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo Beethoven, Schubert na Saint-Saëns, aliyefariki mwaka 1921, ni mali ya wote. Ila mtu asidhani kwamba anaweza kutoa fotokopi za kazi ya mpangaji aliye hai kwa kuwa tu jina la Bach limeandikwa juu yake. Tena, katika maktaba hiyo matoleo ya kwanza kabisa yamekaa bega kwa bega na ya wahariri waliojichukulia uhuru mkubwa. Anayetaka kuyatofautisha hana budi kusoma ukurasa wa jina: mhariri, mchapishaji, mwaka.

Na huo ndio ukurasa usiotolewa fotokopi katika shule zetu! Karatasi zote mbili nilizoziona siku ile zilianzia kwenye nota ya kwanza. Hata orodha za mitihani ya bodi ya London, ambayo wanafunzi wengi wa hapa nchini huifanya katika madaraja yake manane, hutaja mchapishaji kando ya jina la utungo. Sisi hunukuu jina na kuyaacha mengine. Hali kadhalika mwalimu wa fasihi angemwagiza mwanafunzi akanunue "ile tamthilia", bila kumtajia mwandishi.

Naomba walimu wafanye mambo matatu. Watoe fotokopi ya ukurasa wa jina pamoja na nota. Waziweke karatasi za chelo na za piano pamoja, wahesabu vipimo kabla ya mazoezi ya kwanza. Wawakutanishe wapigaji wawili mapema, wapige tangu mwanzo hadi mwisho hata kama ni kwa kusuasua. Nanyi wanafunzi, mnapokwama mahali pamoja kila mara, msikimbilie kujilaumu. Muulize kwanza karatasi ilitoka wapi. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wangu na mwenzake walipewa nakala moja muhula uliofuata. Niliwasikia wakifanya mazoezi sebuleni kwa dada yangu. Walipofika kipimo kile walitazamana kwa hofu, wakakivuka. Msichana amerudi kwenye chelo, ingawa hata leo hapendi kupiga mbele ya watu.