Nafasi Tatu za Kibaka

Fundi wangu wa simu, pale Kariakoo, ana droo moja ambayo ningeweza ningeibeba kila ninapoalikwa kuzungumzia usalama wa mawasiliano. Ndani yake zimelala simu zinazosubiri vioo, betri au tundu la chaji, na kila moja imebandikwa kipande cha karatasi: jina la mwenyewe, ugonjwa wa simu, na namba ya siri ya kuifungulia. Siku moja nikisubiri yangu nilizisoma karatasi zile bila haya. 1990. 1234. 1987. 0000. 2580. 1234 tena. Nikamuuliza fundi hufanyaje mteja akisahau kuacha namba. Akacheka. "Najaribu tatu kwanza, kaka. Nyingi zinafunguka."

Fundi yule ni mwaminifu. Kibaka aliyekwapua simu kituoni naye anajaribu tatu kwanza.

Wengi tunapima namba ya siri kwa wingi wake. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999, na nani ana muda wa kuzijaribu zote? Hakuna, na wala simu haimpi mtu nafasi hiyo. iPhone inaanza kumsubirisha anayekosea baada ya majaribio machache, na ukiiagiza, inafuta kila kilichomo baada ya makosa 10. Simu za Android nazo humchelewesha. Laini yenyewe, ikiwa imefungwa, inavumilia makosa 3 tu. Basi mwizi hana haja na hizo 10,000. Anaomba tu namba yako iwe mojawapo ya zile chache zinazomjia kichwani kabla simu haijamkatalia.

Na kwa kawaida ndimo ilimo. Mwaka 2012 mtaalamu wa takwimu Nick Berry alikusanya maneno ya siri ya tarakimu nne yapatayo milioni 3.4 kutoka kwenye orodha zilizokwisha kuvuja mtandaoni, akayahesabu. 1234 peke yake ilichukua karibu 11 katika kila 100. Ukiongeza 1111 na 0000 unapita 18. Yaani mwenye nafasi tatu, bila ujanja wowote, angefungua karibu moja kati ya kila tano. 2580 nayo ilikuwa juu kwenye orodha, na sababu utaiona ukitazama vibonyezo vya simu: ni mstari wa katikati kutoka juu hadi chini.

Zile zilikuwa namba za tovuti, na pengine kwenye fedha watu huwa waangalifu zaidi. Mwaka huohuo Joseph Bonneau, Sören Preibusch na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakatazama namba za kadi za benki. Walichokiona ni kwamba watu wanapoacha 1234 hukimbilia tarehe, na hasa siku ya kuzaliwa. Wakakadiria kuwa mwizi mjuzi aliyeokota pochi yenye kadi na kitambulisho angeweza kuifungua kadi moja katika kila pochi 11 hadi 18, kwa kuisoma tu tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe.

Sasa lete jambo hilo nyumbani. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Na kitambulisho hicho wengi wetu tunakiweka wapi? Nyuma ya simu, ndani ya kava. Kibaka anapewa mlango na ufunguo kwa pamoja. Mwaka aliozaliwa mtoto hausaidii pia, maana keki yake uliiweka kwenye status, mshumaa wa namba ukiwa juu.

Hizi tarakimu nne zenyewe zina kisa chake. John Shepherd-Barron, aliyesimamia mashine ya kutolea fedha ambayo Barclays waliifungua Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, alisimulia kuwa yeye alikusudia tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini. Akamuuliza mkewe, Caroline, wakiwa mezani. Mama akasema kichwani mwake zinakaa nne tu. Zikabaki nne, na miaka 40 baadaye M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata Tanzania, zilikuwa bado nne. Sijawahi kumlaumu mama yule. Kukumbuka ni kazi, na ushauri wowote wa usalama usiojali kichwa cha mtu huishia kuandikwa kwenye karatasi ya fundi.

Je, sita ni bora kuliko nne? Kwa hesabu, ndiyo: namba milioni 1 badala ya 10,000. Lakini watafiti wa Ujerumani na Marekani walioupima mwenendo wa watu mwaka 2020 walikuta kwamba tukiachiwa kuchagua wenyewe, faida ni ndogo, kwa sababu mtu aliyezoea 1234 anaandika 123456 na aliyezoea 1111 anaongeza mbili. Urefu unasaidia pale tu namba inapokuwa ya bahati nasibu, na kichwa cha binadamu hakijui bahati nasibu. Mwambie mtu ataje namba yoyote, atakutajia anayoipenda.

Kwa hiyo usichague. Piga kura, kama tunavyopanga zamu za upatu. Kata vipande kumi vya karatasi, andika 0 hadi 9, vikunje, tia kwenye kofia. Toa kimoja, andika, kirudishe, tikisa, toa kingine, hadi ufike sita. Usikatae kilichotoka eti hakikupendezi. Ukianza kukataa umerudi kulekule kwenye kuchagua. Ila ikitoka tarehe kamili au mfuatano kama 456789, rudia. Jioni hiyo ifungue simu kwa namba hiyo mara ishirini, kidole kitaishika kabla ya kichwa. Na ukiiandika mahali, andika kwenye karatasi inayolala nyumbani kabatini. Kibaka wa stendi hafiki kabatini kwako.

Mchoro wa kuunganisha nukta, nasema waziwazi, siupendi. Unatoa michoro 389,112, idadi isiyo mbaya, lakini jicho la jirani linaunasa upesi. Katika jaribio moja la mwaka 2017 watu walioonyeshwa mara moja tu mtu akifungua simu kwa mchoro wa nukta sita waliweza kuurudia mara 64 katika 100. Kwa namba ya tarakimu sita walifaulu mara 11 hivi. Ukishasimama ndani ya daladala, umebanwa huku na huku, watazamaji unao wa kutosha. Alama ya kidole ina heri hapo, kwani hakuna cha kuchungulia. Lakini usidhani imeiondoa namba. Simu ikizimwa na kuwashwa inaidai, na kidole kikikataa mara kadhaa inaidai, hivyo namba mbovu iliyo nyuma ya kidole bado ni namba mbovu.

Namba ya kufungulia simu isiwe ndiyo namba ya fedha. Wapo wezi wanaosubiri kwanza, wakakuona ukibonyeza, ndipo wakakwapua. Kama namba ni ile ile, wamechukua vyote viwili kwa kutazama mara moja.

Sasa laini, jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Kufuli ya simu hailindi laini hata kidogo. Mwizi mzoefu hahangaiki na kioo kilichofungwa: anatoa trei kwa pini, laini anaitia kwenye kitochi, na dakika hiyohiyo yeye ndiye wewe. Mama yako akipiga, anapokea yeye. Meseji yenye tarakimu sita za kufungulia WhatsApp inaingia kwake. Barua pepe na ukurasa wa biashara, vyote vinavyorejesha nenosiri kwa meseji, vinamtii. Hata asiijue namba yako ya siri ya fedha, anaanza kuwaandikia uliohifadhi majina yao kwenye laini: nimepata dharura, nitumie laki moja, kesho narudisha. Na kwa kuwa namba ni yako, watatuma.

Dawa yake imo ndani ya kila laini tangu mitandao ya GSM ilipoanza mwaka 1991, na haina malipo. Laini ina namba yake ya siri, PIN, ya tarakimu 4 hadi 8. Haikai kwenye simu. Imo ndani ya chipu yenyewe, na chipu isipopewa namba hiyo inakataa kujitambulisha kwa mnara. Ukiiwasha utaulizwa pale tu simu inapowashwa upya au laini inapohamishiwa simu nyingine, hivyo haikusumbui kutwa. Kwa majaribio matatu, tarakimu nne za kura ya kofia zinatosha kabisa: mwizi ana nafasi 3 katika 10,000. eSIM nayo inaikubali.

Lakini nenda polepole, kwani hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Laini inakuja na PIN ya kiwandani, mara nyingi 1234 au 0000, na simu itakuuliza hiyo kabla ya kuwasha ulinzi. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, chipu imekufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Utakwenda dukani kuweka dole gumba upate laini nyingine. Zote mbili, PIN na PUK, huwa zimechapwa kwenye ile kadi ya plastiki iliyobeba laini, mara nyingine chini ya utepe wa kukwangua. Kadi ile ndiyo tunayoiacha kwenye meza ya muuzaji chini ya mwavuli, tukaondoka na kipande kidogo cha dhahabu tu.

Ukishaipata PIN ya kiwandani, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama kwa Android nyingi na sehemu ya data ya simu kwa iPhone, washa PIN ya laini, kisha ibadilishe palepale. Kwenye kitochi, baada ya kuiwasha, bonyeza **04* kisha namba ya zamani, nyota, mpya, nyota, mpya tena, #. Mwenye laini mbili afanye mara mbili.

Ulinzi huu hauzuii kila kitu. Simu ikikwapuliwa ikiwa imewaka, laini inaendelea kupokea meseji, kwa hiyo zuia maandishi ya meseji yasionekane kwenye kioo kilichofungwa, na washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp. Wala hauzuii tapeli anayeirudisha namba yako kwenye chipu mpya kwa kutumia jina lako. Mtandao ukipotea ghafla simuni mwako huku wenzako wanao, azima simu upige huduma kwa wateja saa hiyohiyo. Kwa walio Tanzania, *106# inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, usilale nayo.

Basi leo usiku, kabla hujagusa mipangilio yoyote, itafute ile kadi ya plastiki. Kama ilibaki mwavulini, piga huduma kwa wateja, jibu maswali yao, waombe PIN ya kiwandani na PUK, uziandike kwenye karatasi ileile ya kabatini. Ndipo uwashe.