Nani Atamsemea Mtoto Wetu Shuleni?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ama baada ya hayo.

Alinijia mama mmoja baada ya swala ya Alasiri, ana mtoto asiyesikia vizuri. Shuleni alikwisha kuambiwa kuwa mtoto huyo hafundishiki. Akamtafuta jamaa hodari wa maneno aende kumsemea. Bwana yule akapokea fedha, akagombana na mwalimu mkuu, kisha asionekane tena. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima.

Ndugu Waislamu, si aibu mzazi kutafuta msemaji. Nabii Musa (AS), pamoja na daraja yake, alimuomba Mola wake amtume naye nduguye Harun, kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa fasaha zaidi. Na katika Sura hiyo hiyo ya Al-Qasas, binti wa mzee wa Madyan anataja sifa mbili za mtu afaaye kupewa kazi, nazo ni nguvu na uaminifu.

Nguvu katika jambo hili ni ujuzi, wala si ukali wa sauti. Msemaji aijue Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo kwa Tanzania Bara inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kupokewa katika shule ya serikali au ya binafsi, na kupatiwa huduma za kumsaidia kujifunza. Ajue na mlango wa kubisha: kwanza mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, kisha afisa wa elimu maalumu wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii. Kabla ya kusema lolote aketi na mtoto, asome madaftari na vyeti vya hospitali. Kila ahadi ya shule aiombe kwa maandishi.

Ama uaminifu, ni kutaja malipo yake mapema, kusitiri siri za nyumba, na kutoahidi lisilo mikononi mwake. Akikwambia "niachie mimi" na asikueleze alilolisema, mwepuke. Uwakala humpa mtu idhini ya kutenda kwa niaba yako, lakini amana ya mtoto hubaki shingoni mwako. Basi nenda naye kikaoni, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Mama yule hatimaye alimwendea shangazi wa mtoto, mwalimu mstaafu. Huyu aliomba kwanza kuketi darasani siku moja. Akamkuta mtoto nyuma kabisa, na mwalimu akifundisha huku ameelekea ubao. Akaomba kwa upole mtoto aketi mbele, mwalimu amtazame anaposema, na masikio yapimwe. Hapakuwa na ugomvi, na mtoto amerudi darasani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasemaji wema wa watoto wetu. Amin.